Kisu Kina Jina la Mwenye Duka



Tulipoingia katika karakana ya mhunzi mmoja mjini Sakai, karibu na Osaka, nchini Japani, tulimkuta mzee amekaa kimya mbele ya tanuri, na madirisha yamezibwa. Hakuwa akificha kitu. Katika giza ndipo anapoiona vizuri rangi ya chuma, na kwa rangi hiyo hujua kama moto umetosha. Akikosea kidogo, kisu hupinda au hupasuka kinapotumbukizwa majini, na jasho lote la awali limepotea bure.

Kisu cha Sakai si kazi ya mtu mmoja. Mhunzi huunganisha chuma laini na chuma cha pua kwa moto na nyundo, ili makali yawe magumu na ubapa usivunjike upesi. Kisha kisu hupelekwa kwa mnoaji katika karakana nyingine, na baadaye kwa mtia mpini. Mwisho huchorwa jina. Mara nyingi jina hilo si la mhunzi wala la mnoaji, bali ni la mfanyabiashara wa jumla anayewagawia kazi na kuuza kisu.

Hapo ndipo tulipo na neno la kusema. Mwaka 1974 Japani ilitunga sheria ya kuendeleza kazi za mikono za jadi, na mwaka 1982 visu vya Sakai vikaingizwa katika orodha yake. Fundi anayetaka cheti cha ufundi huo lazima awe na uzoefu wa miaka 12 au zaidi. Tunaiunga mkono heshima hiyo. Lakini sifa haijazi chungu. Kijana mwenye akili atauliza: katika miaka hiyo 12 nitakula nini? Pembeni mwa karakana tuliona fuawe la pili lisilo na mtu. Tulipouliza, mzee alitabasamu tu.

Tena kazi hii ina madhara yake. Vumbi la jiwe na chuma likivutwa miaka mingi hudhuru mapafu, na kelele za nyundo ya mashine huharibu masikio. Mambo haya hayaandikwi kwenye boksi la kisu.

Wapo wasemao kwamba fundi wa kweli haangalii mshahara. Tunalikataa neno hilo. Wasemao hivyo ni wauzaji na wanunuzi, si wenye kushika koleo.

Msimamo wetu ni huu: anayejifunza kazi alipwe tangu siku ya kwanza; mapafu na masikio yake yalindwe; na jina la aliyefua na la aliyenoa yaandikwe kwenye kisu pamoja na la mwuzaji. Ufundi haurithiwi kwa kusifiwa. Hurithiwa pale kijana anapoona kwamba kazi ya mzee wake inamlisha.