Mawe, Mawimbi na Darasa

Mnamo tarehe 15 Julai, 2025, Mahakama ya Shirikisho ya Australia ilitoa hukumu ambayo mtu wa visiwani, popote alipo, yafaa aisome kwa makini. Wazee wawili wa visiwa vya Boigu na Saibai, vilivyomo katika Mlango-Bahari wa Torres baina ya Australia na Papua New Guinea, walikuwa wameishitaki serikali yao kwa kutowakinga na bahari inayoila ardhi yao. Jaji alikiri kwamba visiwa hivyo vimedhurika na vitazidi kudhurika. Hata hivyo akaamua kwamba sheria ya nchi haiibebeshi serikali dhima hiyo. Na ilhali miaka mitatu nyuma, Septemba 2022, Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ikijibu malalamiko ya wenyeji wa visiwa jirani, ilikuwa imeona kwamba Australia imekiuka haki ya watu hao ya kuishi katika makazi yao na kudumisha utamaduni wao. Miongoni mwa waliyoyalalamikia ni makaburi ya wazee wao kuchukuliwa na maji.

Hukumu yenyewe tuwaachie wanasheria. Lililotushughulisha sisi ni jambo lisilotangazwa sana: nchi hiyo hiyo, ambayo mahakama yake imeshindwa kuwapa wazee hao wanachokidai, imeagiza katika mtaala wake wa taifa kwamba elimu ya watu wa aina yao ipitishwe katika masomo yote. Katika mtaala uliopitishwa mwaka 2022, mtoto wa darasa la tano hufundishwa namna miamba inavyolegea na kumeguka papo hapo ilipo, kisha namna upepo na maji yanavyouzoa udongo na kuutua kwingine.

Somo hilo halihitaji maabara. Mwalimu hutia mabonge ya sukari na kokoto katika chupa, watoto wakaitikisa mpaka pembe za mabonge zikalika. Jiwe la chokaa hutiwa siki likatoa mapovu. Masinia mawili ya udongo, moja lenye majani na jingine tupu, huinamishwa na kumwagiwa maji. Katika la kwanza maji hutoka karibu safi, katika la pili hutoka tope. Mtoto aliyeyaona hayo kwa macho yake hahitaji kukaririshwa maana ya mmomonyoko.

Lakini mwalimu hodari huko haishii kwenye sinia. Huwapeleka watoto, kwa miguu au kwa picha, hadi Uluru, mwamba wa mchanga ulioshikana, wenye urefu wa mita 348 kutoka ardhini, katikati ya jangwa. Kwa ndani mwamba huo ni wa kijivu. Wekundu wake mashuhuri ni kutu ya chuma kilichomo ndani ya jiwe, kutu ile ile inayokula misumari ya ngalawa zetu. Kwa Waanangu, wenyeji wake, alama zilizomo katika mwamba ni kumbukumbu ya vita vya Kuniya, chatu jike, dhidi ya nyoka wenye sumu waliomuua mwana wa ndugu yake. Sehemu ya kisa hicho huwasimulia wageni. Sehemu nyingine hawamwambii asiyestahiki, na mwalimu hana budi kuheshimu mpaka huo.

Waanangu walirudishiwa ardhi hiyo tarehe 26 Oktoba, 1985. Kwa miaka mingi waliwasihi watalii wasiupande mwamba, na watalii wakapanda. Nyayo zao zimeacha mstari mweupe unaoonekana kwa mbali. Kupanda kulipigwa marufuku tarehe ile ile ya mwaka 2019. Tungependa kujua ni kitabu gani cha jiografia kinachoweza kumfahamisha mtoto vizuri zaidi kwamba hata mguu wa binadamu ni chombo cha mmomonyoko.

Wapo watakaosema kwamba ngano ni ngano na sayansi ni sayansi. Hoja hii tunaikubali nusu. Kisa cha chatu hakipimi kasi ya kulika kwa jiwe, wala mwalimu asijifanye kwamba kinapima. Lakini mwaka 2016 wataalamu wawili wa Australia, Patrick Nunn na Nicholas Reid, walichapisha uchunguzi wa masimulizi ya wenyeji kutoka sehemu 21 za pwani ya bara hilo, yote yakieleza nchi kavu iliyofunikwa na bahari. Walihitimisha kwamba masimulizi hayo yanahifadhi kumbukumbu ya maji yaliyopanda zaidi ya miaka 7,000 iliyopita, barafu ya kale ilipoyeyuka. Basi lililodharauliwa kuwa porojo la wazee lilikuwa taarifa.

Maji hayo hayo ndiyo yaliyotufanya sisi kuwa watu wa kisiwa. Zama za barafu Unguja ilikuwa imeungana na bara. Bahari ilipopanda ndipo mkondo ulipojaa. Pemba haikuungana, kwani mkondo wake una kina kirefu. Ni watoto wangapi wa skuli zetu wanaoyajua haya? Na ni wangapi wanaojua habari ya Maziwe, kisiwa cha mchanga mbele ya Pangani, kilichokuwa na miti na kasa wa kutaga, na ambacho tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kimebaki fungu linalozama maji yajaapo?

Kasoro ya Australia, kwa maoni yetu, ni kuwakaribisha wazee darasani na kuwafungia mlango barazani. Sisi kasoro yetu yaelekea kuwa ya mwanzo zaidi: hata darasani hatujawaita. Mvuvi anayejua mchanga wa ufuko wake unahamia upande gani wakati wa kusi, na unarudi vipi wakati wa kaskazi, amekaa hatua mia kutoka skuli ambamo mtoto wake anakariri mmomonyoko wa mito ya mbali. Wachimbaji mchanga na wakata mikoko nao wanapita mbele ya dirisha la skuli hiyo hiyo.

Tunawaomba wahusika wa elimu waanze kwa kidogo. Kila skuli ya pwani ichomeke vigingi juu ya mpaka wa maji, na kila bamvua watoto wapime kwa kamba umbali uliobaki, mvuvi mmoja akiwa pamoja nao kueleza alipokuwa akifunga chombo utotoni. Vipimo viandikwe katika daftari, na nakala ya daftari ipelekwe kila mwaka kwa wilaya, iwekwe mezani kabla ya kutolewa kibali chochote cha kuchimba mchanga au kujenga ufukoni.