Ajali za Winchi Huanzia Ofisini

Limezuka katika ofisi za umma neno moja ambalo limekuwa kichaka cha kufichia uzembe. Neno hilo ni "bahati mbaya". Lori la huduma lenye winchi likipinduka na kumlalia utingo, taarifa inayopelekwa kwa wakubwa huandikwa kwamba ilikuwa bahati mbaya. Waya wa winchi ukikatika na jenereta ya zahanati ikaanguka, ni bahati mbaya. Mkono wa winchi ukigusa nyaya za umeme, ni bahati mbaya tena, ila safari hii huongezwa kwamba dereva naye hakuwa mwangalifu. Rambirambi hutolewa, jalada hufungwa, na mtambo, kama bado una uhai, hurudishwa kazini na kasoro zake zilezile.

Madai hayo hayana budi kukanushwa waziwazi. Winchi ya haidroliki iliyofungwa juu ya lori si jini lenye hila. Inafuata kanuni ambazo mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa ubaoni: wenzo, egemeo, mzigo na jitihada. William Armstrong alipojenga winchi yake ya kuendeshwa kwa nguvu ya maji huko Newcastle, Uingereza, mwaka 1846, kanuni hizo zilikuwa zimekwisha kujulikana kwa karne nyingi. Kampuni ya Hiab, iliyoanzia Sweden, na ambayo jina lake madereva wengi hulitumia kwa winchi yoyote ya namna hii, haikuvumbua kanuni mpya. Ilichofanya ni kuitumia injini ya lori kusukuma mafuta, na mafuta hayo kuinua mkono wa chuma. Kwa hiyo mtambo huu ukimwangusha mtu, kuna kanuni iliyovunjwa, na yuko aliyeivunja au aliyeamuru ivunjwe.

Tazama kazi ya kawaida ya wilayani. Pampu ya kisima cha kijiji imeharibika, na mota yake, pamoja na bomba zilizoshikamana nayo, ina uzito wa kilo 700. Lori la huduma linatumwa. Ubavuni mwa winchi imeandikwa kwamba inanyanyua kilo 2,000. Afisa aliyetoa amri amesoma tarakimu hiyo na kuridhika. Asichokisoma ni jedwali la uzito lililobandikwa karibu na vishikio, ambalo aghalabu limekwisha kubanduka au kufunikwa na grisi. Jedwali hilo lingemwambia kwamba kilo 2,000 ni kwa umbali wa mita 2 tu kutoka katika nguzo ya winchi. Mkono ukinyooshwa hadi mita 4, uwezo unashuka hadi kilo 1,000. Ukinyooshwa hadi mita 8, zinabaki kilo 500, na hata hizo ni kabla ya kutoa uzito wa mkono wenyewe. Kisima kina ukuta na lori haliwezi kukisogelea. Mkono unanyooshwa mita 8, na kilo 700 zinanyanyuliwa na mtambo wenye uwezo wa kilo 500. Hapo pana hesabu ya kuzidisha na kugawanya iliyofanywa vibaya, au ambayo haikufanywa kabisa. Bahati haimo.

La kusikitisha zaidi ni kwamba winchi nyingi za siku hizi zina kifaa cha kukata nguvu mzigo unapozidi. Mtambo wenyewe hugoma. Badala ya kushukuru, watu huagiza fundi "atoe kero hiyo", naye huunganisha nyaya mbili pembeni ili kifaa kisifanye kazi. Mkuu anayesifu ufundi wa namna hiyo mbele ya wafanyakazi anawafundisha kwamba akili ya kazi ni kuziba mdomo wa mtambo unaoonya.

Kuhusu ardhi, uzembe ni uleule. Miguu ya pembeni imewekwa ili lori lisipinduke linaponyanyua mzigo. Lakini mguu mmoja unaobeba kilo 5,000, ukiwa na bamba la sentimita 30 kwa 30, hukandamiza udongo kwa zaidi ya kilo 5 kwa kila sentimita ya mraba. Ukiweka chini yake gogo imara lililochongwa, la sentimita 60 kwa 60, mkandamizo huo unashuka hadi kilo 1.4 hivi. Gogo si kitu cha kuagizwa ng'ambo kwa fedha za kigeni. Hata hivyo ni malori mangapi yanayotoka yadi yakiwa na magogo yake? Na pale ambapo barabara ni nyembamba, mguu wa upande mmoja huachwa haukuvutwa, "kwa kuwa kazi ni ya dakika tano". Lori hupinduka kwa sekunde chache tu.

Umeme unastahili kutajwa peke yake, kwa sababu hauna onyo la pili. Nyaya zinazopita juu ya vijiji na mitaa ya Tanzania hubeba volti 11,000 au 33,000, na nyingi hazina ganda lolote. Sheria za Marekani zinataka winchi isiukaribie waya wa umeme usiozidi volti 50,000 kwa chini ya futi 10, yaani kama mita 3. Jicho la mwendeshaji haliwezi kuipima nafasi hiyo akiwa chini, ndiyo maana anahitajiwa mtu wa pili ambaye kazi yake ni kutazama juu tu. Mkono ukigusa waya, anayekufa kwanza aghalabu si yule aliyeketi ndani ya lori, bali ni yule aliyesimama ardhini ameshika mnyororo, kulabu au mlango. Huyo ni utingo, kibarua wa siku ambaye jina lake mara nyingi halimo hata katika orodha ya malipo. Njia iliyo salama ni kuomba umeme uzimwe. Ombi hilo huandikwa mezani, na huandikwa na afisa, si na utingo.

Lakini hayo yote ni ya siku ya kazi. Kiini cha ubaya kimo katika miezi inayotangulia, katika matunzo. Ndani ya mipira ya haidroliki mafuta husukumwa kwa kani inayoweza kuzidi kilo 200 kwa kila sentimita ya mraba, ilhali tairi la lori hujazwa upepo wa kilo 7 au 8 tu. Mafuta hayo ndiyo damu ya mtambo. Yakiingia vumbi, vumbi hilo hula pampu na vali kama msasa. Yakiingia maji, hubadilika rangi yakawa kama maziwa na kuanza kutia kutu silinda kwa ndani. Dawa yake inajulikana: chujio libadilishwe kwa wakati wake, tangi lifunikwe, mafuta yawe ya aina iliyotajwa na mtengenezaji, wala si mabaki ya mafuta ya injini yaliyookotwa karakana. Mpira uliopasuka ganda ubadilishwe kabla haujapasuka wote. Na fundi asithubutu kutafuta tundu la kuvuja kwa kupapasa kwa kiganja. Atumie kipande cha boksi. Mafuta yanayoruka kutoka katika tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi na kuingia mwilini. Jeraha lake huonekana kama limeumwa na mdudu, mgonjwa hupewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani, na baadaye hukatwa kidole au mkono ambao pengine ungeokolewa kwa upasuaji wa saa za kwanza.

Vivyo hivyo kwa waya wa kunyanyulia. Kanuni za Marekani zinataka waya utupwe iwapo nyuzi 6 zimekatika ovyo ndani ya msokoto mmoja, au 3 katika kamba moja ya msokoto huo. Anayeweza kuhesabu hadi sita anaweza kuukagua. Kinachokosekana si elimu ya chuo kikuu. Kinachokosekana ni robo saa ya asubuhi, ambayo wakubwa huiita kupoteza muda, na waya mpya katika ghala.

Ndipo linapokuja jibu linalojulikana na kila mtumishi: hakuna fungu. Dereva huandika katika kitabu cha gari kwamba silinda ya mguu wa kulia inavuja. Wiki inayofuata huandika tena, kwa maneno yaleyale. Dokezo hupanda kutoka kwa afisa usafirishaji hadi kwa mkuu wa idara, hushuka kwa mhasibu, hupanda tena na maneno "tafadhali jadiliana nami", na kisha hulala. Katika robo ileile ya mwaka, kasma ya posho za vikao haikauki, wala chai ya semina haikosi maandazi. Haitoshi kusema nchi ni maskini. Umaskini ndio unaoamuru chujio libadilishwe, kwa kuwa anayeshindwa kununua chujio leo atatakiwa anunue pampu kesho. Tajiri aweza kumudu uzembe. Nchi inayonunua mitambo kwa jasho la mkulima au kuipokea kwa mkopo haiwezi. Lakini nyuma ya karakana mitambo imeegeshwa juu ya mawe, mikono imeinama, na nyasi zimepenya hadi juu ya kulabu. Mingi iliuawa na matengenezo yaliyoahirishwa.

Sheria haiko upande wa wazembe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya sheria ya viwanda ya enzi ya ukoloni ya mwaka 1950, imemtwisha mwajiri wajibu wa usalama wa watu wake na mitambo yake. Serikali nayo ni mwajiri. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi anayejiondoa katika hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki, asiadhibiwe. Basi dereva anayekataa kunyanyua kilo 700 kwa mkono wa kilo 500 si mtovu wa nidhamu. Kumwandikia barua ya kujieleza ni kumwadhibu mtu kwa kujua hesabu.

Walimu nao wasidhani kwamba mjadala huu ni wa mafundi peke yao. Dereva huyo alipita mikononi mwao. Wenzo alifundishwa kama sentensi ya kukariri kwa ajili ya mtihani, pengine bila hata ubao na jiwe vya kuonyeshea. Kisha alipopewa mtambo, alikabidhiwa kitabu cha maelekezo kilichoandikwa kwa lugha asiyoimudu, nacho kikafungiwa katika kabati la ofisi kwa hofu ya kupotea. Kitabu hicho kinaweza kutafsiriwa kwa Kiswahili na mwalimu wa sayansi wa sekondari akishirikiana na fundi mmoja mzoefu, na jedwali la uzito likapakwa kwa rangi ubavuni mwa lori, kwa mita na kilo, herufi kubwa, ambapo hata kibarua ataliona.

Kisha liwekwe sharti moja katika kila yadi ya serikali. Dereva akiandika kwamba gari halifai au mzigo umezidi, gari lisitoke. Mkuu anayeamini kwamba linaweza kutoka hivyo hivyo, au kwamba mzigo unaweza kunyanyuliwa hivyo hivyo, naye aandike chini ya maneno ya dereva, katika kitabu kilekile, jina lake, cheo chake na saa aliyotoa amri, kabla miguu ya lori haijashushwa.