Kutembea peke yako visiwani: nani ataandika jina lako?

Leo nitagusa jambo ambalo vijana wa Goma na Bukavu hawatalipenda. Siku hizi zinazunguka katika WhatsApp picha za visiwa vyetu: Idjwi, Tchegera, Ibinja. Maji ya buluu, migomba, nanasi limekatwa kwenye sahani, kijana mmoja amekaa kwenye ncha ya pirogi anatazama mbali. Chini ya picha wameandika kwamba kila mtu anapaswa, angalau mara moja, kutembea peke yake kwenye visiwa vya nchi za joto. Azime telefone. Asiage mtu. Huko ndiko atajijua yeye ni nani.

Sina ugomvi na mtu anayependa kisiwa. Idjwi ni kisiwa cha pili kwa ukubwa katika maziwa ya Afrika, nyuma ya Ukerewe ya Tanzania, na uzuri wake hauhitaji msemaji. Ziwa letu halina mamba wala kiboko. Wavuvi wa sambaza wakitoka jioni na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja, taa zinawaka, wanaimba, nani asingepiga picha? Ugomvi wangu ni na maneno yale mawili tu: asiage mtu.

Tukumbushane. Tarehe 15 mwezi wa nne 2019, mashua ilizama upande wa Kalehe. Rais Tshisekedi mwenyewe alitangaza kwamba watu wapatao 150 hawajulikani walipo. Wapatao. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, MV Merdi ilitoka Minova, ikapinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakiwa ukingoni wanaitazama. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema ilibeba watu 278 na kwamba 78 walikufa. Upande wa Goma walitoa hesabu ya chini sana. Mashua moja, majimbo mawili, na kila jimbo lina hesabu yake ya maiti.

Basi hesabu inapatikana namna gani pale ambapo hakuna orodha ya kweli? Inapatikana kwa wanaokuja kuuliza. Mama anakuja bandarini anamtafuta mtoto, mume anamtafuta mke, wanaandikwa. Aliye na mtu wa kumuulizia anaingia kwenye hesabu. Aliyepanda peke yake bila kuaga, jina lake halimo kwenye daftari na hakuna wa kulitaja. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 480. Si kila mwili unarudi juu.

Kijana atanijibu: mbona wazungu wanatembea peke yao dunia nzima? Huyo mzungu hayuko peke yake hata kidogo! Aliyelala Tchegera, ndani ya hifadhi ya Virunga, jina lake liliandikwa kabla hajafika, kwa sababu kitanda alikilipia mbele. Ana bima, ana ubalozi, ana dada yake kwao anayejua atarudi siku gani. Mwaka 2018 Waingereza wawili walipotekwa katika Virunga, mlinzi mmoja wa hifadhi, mwanamke, aliuawa akiwa nao njiani, na hifadhi ikafungwa kwa wageni mpaka 2019. Upweke wa namna hiyo una watu wengi nyuma yake, na mmoja wao aliulipa kwa damu. Wewe unaiga picha, lakini hao watu wa nyuma ya picha hauna.

Na tuseme ukweli, wanaosafiri peke yao kwenye ziwa hili kuliko wote si watalii. Vita vilipokata barabara ya Goma na Minova, kila kitu kilihamia majini: maharagwe, wagonjwa, wanafunzi, maiti. Mama anapanda peke yake kwa sababu ana nauli ya mtu mmoja. Mjane wa Idjwi anapanda peke yake. Mume wake alizama usiku akipeleka kahawa kwa magendo Rwanda, kama wanaume wengi wa kisiwa hicho walivyozama. Kambi za pembeni ya Goma zilipoondolewa watu mwezi wa pili 2025, familia zilijigawa: baba anatangulia Kalehe kuona kama nyumba ingali imesimama, mama anabaki na watoto kwa jamaa, msichana mkubwa anavuka Bugarula kulima shamba la wengine apate chakula. Hao wanazunguka visiwa peke yao mwaka mzima. Sijaona mtu akiwaandikia maneno matamu chini ya picha.

Sasa niseme na wenye mashua. Baada ya ajali ya 2019 Rais aliamuru jile za kuokoa zivaliwe na wote. Pita bandarini uone. Jile chache zimefungwa kwa kamba chini ya paa, zinashuka mkaguzi akionekana, zinapanda tena akiondoka. Mnasema abiria wanazikataa kwa sababu zinanuka. Nimezishika, kweli zinanuka. Zifueni basi, maji mnayo.

Na orodha? Kila mtu bandarini anajua kwa nini hamuitaki. Abiria aliyeandikwa ni abiria wa kulipiwa kodi. Kwa hiyo kwenye karatasi wanaandikwa wachache, mashua inaondoka, inazunguka kona, na wengine wanapandia kwenye ufuko ambako hakuna ofisi. Siku ya ajali karatasi ile ile inatolewa kama ushahidi. Na mkubwa wa bandari aliyeipiga muhuri anajua alichokipiga muhuri.

Lakini kuna neno zito zaidi, na halitoki kwa wenye mashua. Linatoka kwenu mliokimbia vita. Mnasema: hatutaki kuandikwa. Mtu ametoka kijiji fulani, kadi yake ya mchaguzi inaonyesha alikozaliwa, na hajui karatasi ya leo kesho itasomwa na nani, mwenye kalamu au mwenye bunduki. Anatoa jina la uongo, au anapandia kule kwenye ufuko. Siwezi kumlaumu. Watu wamepatwa na mabaya kwa sababu ya jina tu, na atakayesema hofu hiyo ni ya bure hajalala kambini hata usiku mmoja.

Ila jina la uongo halimrudishi mtu kwao. Mtoto wenu akiokotwa Kituku akiwa na jina ambalo ninyi wenyewe hamulijui, mutamudai kwa jina gani?

Kwa hiyo mambo mawili yatengwe. Orodha ya mashua haihitaji kabila, wala kijiji, wala namba ya kadi. Inahitaji jina, umri, na namba ya telefone ya mtu mmoja aliye nchi kavu. Basi. Anayeomba zaidi ya hapo ana shughuli nyingine, na abiria wana haki ya kumuuliza ni shughuli gani. Halafu nakala moja ibaki bandarini. Tunaona hapa orodha nzuri, zenye mistari, zimewekwa mfukoni mwa kapiteni! Mashua ikizama, orodha inazama nayo. Viongozi wa majimbo yote mawili wameongea juu ya jile miaka mingi. Juu ya karatasi inayobaki nchi kavu wanaongea kidogo mno, na hiyo ndiyo rahisi kuliko zote. Haihitaji mfadhili.

Wanaoogopa daftari la bandari wasikae hivi hivi. Acha jina lako kwa mtu wako: mama anayeuza chai pale ukingoni na anayekujua, mchungaji, binamu aliyebaki mjini. Mwambie jina la mashua, saa inayoondoka, na bandari utakayoshukia. Mwambie pia saa ambayo, asipokusikia, aanze kuuliza. Saa hiyo ni ya lazima, kwa sababu sehemu nyingi za Idjwi telefone haishiki, na mtu anaweza kukaa siku mbili akifikiri ni mtandao tu. Mtoto anayevuka bila mzazi ashonewe kitambaa ndani ya nguo, jina lake la kweli na namba ya jamaa. Wino wa bik unafutika kwenye maji. Shoneni kwa uzi.

Na wewe kijana wa picha, ukitaka kuzunguka Idjwi, nenda. Kula nanasi, panda mpaka msitu wa Nyamusize, lala kwa watu, watakupokea vizuri. Kabla ya kulipa nauli, muulize mwenye kukata tiketi swali moja kwa sauti, abiria wengine wasikie: nakala ya orodha inabaki kwa nani? Wakiuliza kumi asubuhi moja, atatafuta jibu. Mkijua bandari inayoacha nakala nchi kavu, iwe ya Goma, Bukavu, Minova, Kalehe au Idjwi kwenyewe, tutumieni jina lake. Tutalisoma hewani, na zile zisizoacha tutazisoma pia.