Mwezi: mawe yaliyoanguka yenyewe yasahihisha picha iliyoletwa na Apollo

Kati ya mwaka 1969 na 1972, wanaanga wa Marekani walileta duniani kilo 382 za mawe na udongo wa mwezi. Ni mzigo mkubwa. Lakini safari zote sita za Apollo zilitua upande ule unaotazama dunia, tena katika eneo dogo. Ni sawa na kuihukumu inchi nzima baada ya kutembelea jimbo moja.

Januari 1982, watafiti wa Marekani waliokota jiwe la gramu 31 juu ya barafu ya Antaktika. Lilipopimwa, lilifanana na mawe ya Apollo. Likawa kimondo cha kwanza kutambuliwa kuwa kimetoka mwezini. Mamia mengine yametambuliwa tangu hapo, mengi yakiokotwa katika jangwa la Sahara na Oman.

Yanafikaje hapa? Jiwe la angani linapougonga mwezi, vipande hurushwa kwa kasi kubwa, na baadhi huishia kuanguka duniani. Vinaweza kutoka popote, hata upande wa nyuma tusiouona kamwe.

Hapo ndipo picha inabadilika. Mawe mengi ya Apollo yana potasiamu, fosforasi na toriamu kwa wingi. Vimondo vingi vinayo kidogo sana. Maana yake, utajiri huo ni wa eneo moja, si wa mwezi wote. Sehemu kubwa ya ganda la mwezi ni mawe meupe yenye aluminiamu na kalsiamu. Hili linaunga mkono wazo kwamba mwezi mchanga ulifunikwa na bahari ya mawe yaliyoyeyuka, madini mepesi yakaelea juu, yakaganda.

Na asili yake? Wataalamu wengi wanaamini kwamba dunia changa iligongwa na sayari nyingine, na mabaki yakaunda mwezi. Mwaka 2022, watafiti wa chuo kikuu cha ETH, Zurich, walitangaza kwamba vimondo vya mwezi kutoka Antaktika vina heliamu na neoni ambazo hazikutoka kwenye jua. Kwao, mwezi ulizirithi kutoka dunia.

Kasoro moja inabaki: kimondo hakionyeshi mahali kamili kilipotoka. Ndiyo sababu gramu 1,935 ambazo chombo cha China, Chang'e-6, kilileta Juni 2024 kutoka upande wa nyuma zina uzito kuliko zinavyoonekana kwenye mizani.