Moteri iliyobadilishwa nusu inawaacha wasafiri njiani

Kwenye barabara ya Butembo kwenda Beni, wasafiri wamezoea kuona jambo hili: basi dogo limesimama mlimani, moshi unatoka nyuma, shofere ameinua kiti cha mbele ili afikie moteri, na abiria wameketi kando ya barabara na mizigo yao. Kati yao kuna wamama wenye watoto mgongoni, magodoro na sufuria. Ni watu waliohama makwao kwa sababu ya vita, na hawakupanga kulala njiani. Mtu akiuliza kuna nini, shofere anajibu: «Na moteri hii tumeibadilisha juzi tu!»

Hiyo «juzi tu» ndiyo inapaswa kushtua watu. Sababu za gari kufa njiani ni nyingi, lakini kuna moja ambayo garaje nyingi zinaipita haraka: moteri imebadilishwa, lakini injekta zake na kompyuta ya gari havikulinganishwa.

Zamani jambo hili halikuwa tatizo. Moteri ya 1HZ ya Land Cruiser, ile ya silinda 6 na lita 4.2, haina kompyuta ya kugawa mazutu. Pampu yake inafanya kazi hiyo kwa vyuma tu. Fundi mwenye sikio zuri na funguo zake aliweza kuitoa moteri hiyo kwenye gari moja, kuitia kwenye lingine, kupanga pampu, na safari ikaendelea. Vijana wengi wa garaje walijifunza kazi kwa moteri kama hiyo, na walijifunza vizuri.

Lakini Hiace, Hilux na Prado nyingi zinazobeba watu leo zina moteri za aina nyingine, kama 1KD na 2KD. Humo, pampu inasukuma mazutu ndani ya bomba moja la pamoja, kwa nguvu inayoweza kupita bar 1,600. Gurudumu la gari dogo lina bar 2 au 3 tu. Kompyuta ya moteri, ile mafundi wanaita kalkilatere, ndiyo inaamuru kila injekta ifunguke lini na kwa muda gani. Muda huo ni mfupi kuliko kupepesa jicho.

Hapo ndipo penye siri. Hata injekta zilizotoka kiwanda kimoja siku moja hazilingani kabisa. Moja inatoa mazutu zaidi kidogo, nyingine pungufu kidogo. Kwa hiyo kiwanda kinapima kila moja na kuiandikia namba yake ya pekee kichwani. Kwa Toyota nyingi zenye injekta za Denso, namba hiyo ina herufi na tarakimu 30. Ikiingizwa ndani ya kompyuta kwa kutumia skana, kompyuta inajua tabia ya kila injekta na kurekebisha kipimo chake.

Fundi akitia moteri ya mtumba pamoja na injekta zake, lakini akaacha ndani ya kompyuta namba za injekta za zamani, kompyuta inatoa amri kwa injekta ambazo hazipo tena. Gari litawaka, ndiyo. Lakini litatetemeka likisimama, litagonga, litatoa moshi na kula mazutu. Silinda ikipewa mazutu kupita kiasi kwa muda mrefu, pistoni inapata joto kali, na inaweza kupasuka au kutoboka. Hapo mwenye gari amepoteza moteri mbili kwa mwaka mmoja.

Kuna pia mtego wa jina. Moteri mbili zinaweza kuitwa 1KD zote, kumbe si za mwaka mmoja wala si za soko moja. Injekta zake zinatofautiana, vihisi vyake vinatofautiana, na programu ya kompyuta pia. Kuandika namba peke yake hakutengenezi kosa hilo. Namba ya aina ya injekta lazima iwe ile ambayo kompyuta hiyo ilitengenezewa.

Mafundi wengine wanajibu kwamba hayo ni maneno ya matajiri. Skana ina bei, mteja analia hana franga, na gari linatakiwa kesho asubuhi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Moteri nyingi zinazouzwa mjini ni za mtumba, zinapitia Dubai au Kampala na kuingia kwa mpaka wa Kasindi, mara nyingi bila kompyuta, bila nyaya, bila karatasi yoyote. Fundi anapokea kilichopo. Kumtupia yeye peke yake lawama si haki.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hii haidai franga. Inadai daftari na simu. Kabla ya kutoa injekta, fundi apige picha ya kila moja na aandike ilikuwa silinda gani. Kisha kuna njia tatu za kweli. Ya kwanza ni kununua moteri pamoja na kompyuta yake, nyaya zake na ufunguo wake, maana kwa magari mengi kompyuta inakataa kuwasha kwa ufunguo isioufahamu. Ya pili, kama injekta za gari la zamani bado ni nzima na ni za aina moja na zile za moteri mpya, ni kuzihamisha, kila moja kwenye silinda ya namba ileile, ili namba zilizo ndani ya kompyuta zibaki za kweli. Ya tatu ni kubakiza injekta za moteri iliyonunuliwa, kama aina inalingana, na kuingiza namba zake kwa skana. Njia ya nne, ya kuchanganya na kuomba Mungu, ndiyo inayolaza watoto barabarani.

Kwa njia yoyote, vishale vya shaba chini ya injekta viwe vipya, na chujio la mazutu pia. Mazutu ya bidoni za barabarani mara nyingi yana maji na uchafu, na injekta hizi hazivumilii hata vumbi lisiloonekana. Na mtu asilegeze bomba la injekta moteri ikizunguka. Mazutu yenye nguvu hiyo yanapenya ngozi. Aliyepigwa aende hospitali palepale, hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano.

Kazi iliyobaki ni ya wengi. Wauzaji wa moteri waache kutenganisha moteri na kompyuta yake ili kuuza mara mbili. Vyama vya mashofere, vinavyochangisha kila siku kwenye maegesho, vinaweza kununua skana moja kwa mji mzima na kumlipa kijana mmoja aijue vizuri. Mashirika yanayoacha magari ya wagonjwa kwenye vituo vya afya yaache pia karatasi za gari na mpango wa kulitengeneza. Gari la wagonjwa lisilo na fundi wa kompyuta yake linakuwa kibanda cha kuku baada ya miaka michache.

Na abiria? Hawezi kufungua moteri kabla ya kulipa nauli. Lakini mwenye gari anaweza kumwuliza fundi wake swali moja kabla ya kumlipa: «Namba za injekta umeziandika wapi?» Fundi akionyesha daftari, alipwe kwa furaha. Akicheka, gari lisitoke garaje siku hiyo. Kuchelewa siku moja garaje kunauma, lakini familia iliyokimbia risasi imekwisha kupoteza nyumba na shamba, na haistahili kupoteza pia usiku wake kando ya barabara kwa sababu ya namba ambazo mtu hakuandika.