Usitoboe Jeti ya Trekta

Ndugu mkulima, ikiwa unayo trekta ya zamani ya petroli, nayo imeanza kukohoa kila jembe linapoingia ardhini, nakuomba usome maneno haya kabla hujamwita mtu mwenye waya wa chuma mfukoni. Iko desturi moja ambayo mimi naichukia. Trekta ikikosa nguvu, kabureta hufunguliwa, jeti hutolewa, na tundu lake hupanuliwa kwa waya au kwa keekee nyembamba. Trekta huondoka ikinguruma, na mwenyewe hulipa na kushukuru. Baada ya majuma machache kikohozi kimerudi, na sasa ni katikati ya mvua, majirani wote wamekwisha kupanda.

Nasema hasa habari za trekta kama Ferguson TE20, ile ndogo ya rangi ya kijivu iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, tangu 1946 hata 1956. Zilitoka zaidi ya 500,000, na nyingine zilifika katika mashamba ya Kenya. Si mashine dhaifu. Tarehe 4 Januari 1958 Edmund Hillary na wenzake walifika Ncha ya Kusini ya dunia kwa trekta za namna hiyo, zikivuta mizigo juu ya theluji. Basi ikishindwa na ekari 3 za mahindi, iko sababu, na sababu hiyo haikuzaliwa ndani ya jeti. Jeti ni kipande cha shaba chenye tundu. Shaba haipungui tundu lake kwa kuzeeka.

Kwanza tuelewe kikohozi chenyewe. Kilo 1 ya petroli yataka karibu kilo 15 za hewa ili iungue sawasawa. Kwa lita, lita 1 ya petroli yataka hewa karibu lita 9,000. Kazi ya kabureta ni kuchanganya hivyo viwili. Petroli ikipungua, moto ndani ya silinda huenda polepole, hata vali ya kuingiza inapofunguka tena moto ungali unawaka, nao hurudi nyuma na kupasukia katika kabureta. Ndiyo ile "pu!" unayoisikia. Moto huo wa polepole huunguza pia vali za kutolea moshi. Vali zikiungua, hapo si habari ya jeti tena. Ni kufungua kichwa cha injini, na fedha za mbegu na mbolea zimekwenda.

Utajuaje kwamba ni petroli kidogo, wala si cheche mbovu? Lima hadi trekta ianze kukohoa, kisha vuta choki kidogo tu. Ikipata nguvu mara moja, umepata jibu: choki hupunguza hewa, na mchanganyiko uliokuwa mwepesi umekuwa mzito. Tena izime injini papo hapo ikiwa katika kazi, ngoja ipoe, na ufungue plagi. Plagi nyeupe kama jivu ni dalili ya petroli kidogo. Nyeusi yenye masizi ni petroli nyingi. Rangi ya udongo mwekundu uliokauka ni afya. Lakini kulima siku nzima choki ikiwa imevutwa nusu, kama wafanyavyo wengine, ni kumpa mgonjwa dawa ya maumivu tu.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto akikosa hesabu usikimbilie jibu lake la mwisho; fuata hatua zake tangu ya kwanza uone ni wapi alipopotea. Petroli ya trekta hii nayo ina hatua zake. Haina pampu. Hutoka katika tangi lililo juu ya injini, ikashuka yenyewe kwa uzito wake. Anza juu, basi.

Anza na kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kuingiza hewa, na tundu hilo likizibwa na matope, petroli haiwezi kushuka vizuri. Na wengine wamekwisha kupoteza kifuniko, wakaweka gunzi la mahindi lililovikwa nailoni! Gunzi likikaza, hewa haiingii. Likilegea, vumbi laingia. Trekta ikianza kukohoa, fungua kifuniko ukiwa palepale shambani. Ikipona, umeokoa siku nzima kwa kazi ya dakika moja.

Isipopona, zima injini na uiache ipoe kabisa. Mtu asivute sigara karibu. Fungua bomba la petroli pale linapoingia katika kabureta, kinga kopo safi chini yake, na ufungue koki. Petroli yapasa kutiririka bila kukatika. Ikianza kwa nguvu kisha ikawa matone, kasoro iko nyuma ya hapo: chujio, kikombe cha uchafu, au kutu ya tangi iliyojaa katika mdomo wa koki. Petroli ya kopo imimine katika chupa nyeupe na uiache itulie. Maji yatakaa chini, utayaona kwa macho. Trekta iliyolala miezi mingi na tangi nusu hukusanya maji, na maji hufanya kutu. Kusafisha jeti peke yake na kuliacha tangi hivyo ni sawa na kufagia huku upepo unavuma mlangoni.

Ikiwa petroli yatiririka vema, sasa ndipo ufungue bakuli la kabureta. Angalia boya na sindano yake kama havinati, na chujio dogo la mlangoni. Jeti itoe, ipulize kwa pampu ya baiskeli, itazame kwenye mwanga. Waya usiuguse.

Najua nitajibiwa, "Lakini tuliitoboa na ikafanya kazi." Ndiyo, ilifanya. Tundu kubwa hupitisha petroli zaidi hata kama njia ya nyuma imeziba nusu. Lakini siku njia itakaposafishwa, injini itakunywa kupita kiasi. Masizi yatajaa, na petroli isiyoungua itaosha oili katika kuta za silinda. Na tundu lililopanuliwa halirudi.

Wengine husema ni hewa ya milimani. Hapo wamegeuza mambo. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya tano. Hewa ikipungua na jeti ikiwa ileile, mchanganyiko huwa mzito, si mwepesi. Kwa hiyo trekta ikikohoa Eldoret usiulaumu mlima. Ila kama trekta ilitiwa jeti ndogo kwa ajili ya nchi ya juu, kisha ikauzwa na kupelekwa Kilifi, huko itakosa petroli kweli. Jeti huwa na namba iliyochongwa. Iandike, uilinganishe na kitabu cha trekta, na ununue ya namba inayofaa.

Skrubu ya kando ya kabureta nayo husumbuliwa bure. Hiyo ni ya injini inapozunguka polepole; trekta inapovuta jembe haina usemi mkubwa. Tena katika kabureta nyingine huongoza hewa, na katika nyingine petroli, hata kuikaza huleta matokeo yaliyo kinyume. Ukiigusa, hesabu mizunguko ili uweze kuirudisha.

Mwisho ni hewa ya wizi, ile inayopenya baada ya kabureta: katika gasketi yake, au gasketi ya manifoldi. Paka oili kwa brashi penye maungio injini ikizunguka polepole. Sauti ikibadilika, hapo ndipo penye tundu. Wako wanaonyunyiza petroli kwa kazi hiyo. Bomba la moshi liko papo hapo, la moto. Mtu wa namna hiyo mwondoe shambani mwako.

Na ikiwa ni ule mhimili unaopita ndani ya kabureta kufungua na kufunga njia ya hewa, nao umelika hata unachezacheza ukiushika, basi gasketi haitasaidia. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kukereza chuma, atie bushi mpya. Hapo toa fedha yako bila kinyongo.