PICHA ZA WATETEZI WETU ZISIKOSE MAJINA



Katika ofisi nyingi za vyama vya wafanyakazi kuna picha ukutani. Kijana aliyejiunga mwaka huu akiuliza, "Huyu ni nani?", wengi wetu tunanyamaza. Sisi twaona ni aibu.

Uso bila jina haufundishi kitu. Makhan Singh alidai uhuru wa Afrika ya Mashariki hadharani mjini Nairobi mwezi wa Aprili 1950. Mwezi uliofuata alikamatwa, asiachiliwe mpaka 1961. Chege Kibachia aliongoza wafanyakazi wa Mombasa mwaka 1947, na serikali ya kikoloni ikamhamishia Baringo kwa nguvu. Wangari Maathai, miaka mingi kabla ya kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alipigania wanawake wa Chuo Kikuu cha Nairobi wapate masharti ya kazi sawa na wanaume. Mambo haya yafaa yaandikwe chini ya picha zao.

Tena tusimsahau aliyeshika kamera, kwani naye ni mfanyakazi. Priya Ramrakha, mzaliwa wa Kenya, alipiga picha za Tom Mboya, na za Martin Luther King huko Marekani. Mwaka 1968 alipigwa risasi akafa kazini, katika vita vya Nigeria. Picha zake nyingi zilikaa katika gereji moja ya Nairobi miaka kama arobaini ndipo zikapatikana. Je, zilizomo katika makabati yetu zitangoja nani?

Wako wasemao kwamba fedha za chama ni za kesi na mishahara, si za mapambo. Ni kweli, lakini hatuombi fremu za dhahabu. Twaomba kila katibu wa tawi atoe picha za zamani, awaite wazee waliostaafu wangali hai, wataje majina. Ayaandike nyuma ya picha kwa penseli laini, pamoja na mwaka na jina la mpiga picha. Wino huharibu.

Jambo la mwisho. Picha ya mtetezi wa haki ikitundikwa juu ya meza, na ndani ya meza hiyo malalamiko ya mwanachama yamelala miezi sita, hapo hatukumheshimu mtu. Tumemdhihaki.

Umoja ni nguvu.